Hodi ya Neno la Asubuhi

Wapendwa, hebu wekeni Biblia magotini kidogo mnisikilize. Nina mfano. Huu nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msianze kugeuka nyuma kutafuta ni nani anasemwa. Nawajua nyie! Hayupo. Ila nawaambia ukweli, tangu nilipoutunga sijatulia.

Kulikuwa na mama mmoja, mshauri wa ndoa katika usharika wake. Mama wa kuaminika hasa. Ukimwambia jambo, umelifukia. Wanawake walimwandikia barua pepe mambo ambayo wasingethubutu kuwaambia hata dada zao, naye akawajibu mmoja mmoja, kwa upole.

Sasa kompyuta yake ikaanza kumchosha. Kile kivinjari chake, yaani ile programu ya kufungulia intaneti, kilikuwa kizito, na matangazo yanamrukia usoni, mara umeshinda zawadi, mara punguza kitambi. Akasema, basi, nahama. Akaweka kivinjari kipya. Loo! Chepesi, kisafi, kitupu kama nyumba iliyopakwa chokaa jana. Na nyie akina mama mnajua, nyumba mpya haikaliwi hivi hivi. Akaanza kupamba. Akatia rangi ya zambarau, ile ya kitenge cha umoja wa wanawake. Akaweka picha ya wajukuu. Kisha akagundua kuna viendelezi, vijiprogramu vya kupachika humo ndani, kila kimoja na kazi yake. Akachukua cha kuzuia matangazo. Akachukua cha kusahihisha maandishi, na cha kufifisha mwanga ili macho yasimuume. Halafu akakuta kimoja kilichompendeza kuliko vyote: kila ukifungua kivinjari kinakupa Neno la asubuhi, mstari wa Maandiko na njiwa mweupe anaruka. Mama akasema, "Hiki ndicho baraka ya nyumba."

Kabla ya kuingia, kila kimoja kilibisha hodi. Kinatokea kidirisha kimeandikwa: "Kiendelezi hiki kitaweza kusoma na kubadilisha kila kitu katika kurasa zote unazofungua." Chini yake vitufe viwili, Ruhusu na Kataa. Mama akabonyeza kipi? Semeni wenyewe, msinionee haya. Naam! Ruhusu, na tena Ruhusu, mpaka vikaisha. Hakusoma hata mstari mmoja. Nami simlaumu haraka, maana sisi tumelelewaje? Uko jikoni, mikono ina unga, mtu anaita hodi nje, humjui ni nani. Unajibu nini? Karibu! Unakaribisha kwanza, ndipo unachungulia umemkaribisha nani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumkatalia mgeni mlangoni kwetu ni aibu, hata mgeni mwenyewe akiwa kidude cha kompyuta.

Basi, kulikuwa na binti mmoja ambaye mama huyu alimfundisha ndoa, yeye na mchumba wake. Walipooana, mume akageuka, akawa anampiga. Simu ya binti akawa anaikagua kila jioni. Kwa hiyo binti akamwandikia mama kwa kompyuta ya kazini: "Mama, nataka kuondoka na watoto. Ila akijua kabla sijatoka, ataniua." Wapendwa, hayo hayakuwa maneno ya hasira. Alimaanisha.

Siku chache baadaye simu ya mama ikalia. Binti anapiga kwa simu ya ofisini.

"Mama, umemwambia nani?"

"Nimwambie nani nini, mwanangu?"

"Kuna watu wameniandikia, siwajui. Barua yangu wanayo yote, neno kwa neno. Wanataka hela, la sivyo wanamtumia mume wangu. Mimi hela nitoe wapi? Mama, umemwambia nani?"

"Mungu ni shahidi, sijafungua mdomo!"

Na ni kweli, mdomo hakufungua. Lakini je, hakufungua kitu?

Mama akaketi mbele ya kompyuta. Hakuwa mjinga. Akakumbuka wale wageni aliowakaribisha, akasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Akabadili nywila. Akaanza kuvitoa. Cha kuzuia matangazo, toka! Cha kusahihisha maandishi, toka! Cha macho, nacho toka, bora niumwe! Akafika kwenye kile cha Neno la asubuhi. Kidole kikasita. Njiwa anaruka pale, na mstari wa siku hiyo ulikuwa wa kumtia moyo kabisa. Akasema, "Jamani, nitamfukuzaje Mungu nyumbani, leo ambapo namhitaji hivi?" Akakiacha.

Kisha akamwandikia binti: "Mwanangu, nimesafisha nyumba yote. Ukifika huko uendako niambie uko wapi, nisije nikafa kwa wasiwasi."

Binti akaondoka na watoto mume akiwa kazini. Alipofika, akaazima kompyuta ya jirani, akaandika: "Mama, tumefika salama. Tuko kwa shangazi, nyuma ya mashine ya kusaga. Usimwambie mtu." Mama aliposoma hayo alilia, akapiga magoti, akashukuru. Hakumwambia mtu.

Mnaona linakokwenda, eeh?

Wale watu waliisoma barua hiyo pamoja naye. Kiendelezi cha macho hakikuwa na kosa, masikini, wala cha matangazo. Vyote alivyovifukuza vilikuwa vinafanya kazi yao tu. Mwizi alikuwa yule njiwa. Na hela ilipokosekana, wakamtumia mume barua ile ya mwisho. Anwani yake ya barua pepe walikuwa nayo, maana mama alishawahi kuwaandikia wote wawili wakati wa mafundisho ya ndoa.

Jioni moja shangazi yuko jikoni, mikono ina unga. Binti yuko uani anaanika nguo za watoto. Mlangoni ikasikika sauti ya mwanaume, ya upole kabisa: "Hodi hapa!"

Na shangazi, mwanamke mwema, akajibu kama alivyofundishwa na mama yake: "Karibu!"

Basi. Mfano wangu unaishia hapo.

Namsikia mama mmoja hapo mbele ananong'ona, "Mchungaji, alipona?" Mama, sijui. Nilijaribu kuumalizia kwa furaha, nikashindwa, kwa sababu mwisho wake si wangu kuutunga. Huo mlango uko kwetu.

Ndugu zangu, sisi shetani akija na pembe tunamjua, tunakemea mpaka sauti inakauka. Lakini akija na mstari wa Maandiko? Akija anaimba pambio? Anayekwambia "tuombee fulani, ana shida hii na hii", na kumbe anasambaza umbea kwa jina la maombi, umeshamwuliza yeye ni nani? Yule nabii wa kwenye simu anayetaka picha za watoto wako ili awaombee, ulimchunguza, au uliandika amina ukabonyeza? Tunawafukuza wasio na hatia, kisha mmoja tunamwacha kwa sababu ana sura ya ibada. Naogopa, wapendwa. Nasema wazi, naogopa kwa ajili yenu na kwa ajili yangu.

Na lipo linaloniuma zaidi. Mama yule alidhani anapamba nyumba yake. Rangi yake, picha zake, uamuzi wake. Hakukumbuka kwamba ndani ya nyumba hiyo alikuwa amemficha mtoto wa mwenzake. Wewe mzee wa kanisa, wewe mwalimu, wewe rafiki unayeambiwa mambo kwa machozi, mlango wako si wako peke yako. Ukisema karibu ovyo, anayevamiwa ni mwingine, na atakayepigwa ni mwingine. Wewe utabaki unaapa kwamba hukufungua mdomo.

Sijasema muwe wachoyo kwa wageni, la. Karibu ni neno zuri, tulilirithi kwa wazazi wetu. Lakini liwe la pili.

Tusimame tuombe. Na wiki hii ukisikia hodi, hata kama sauti ni ya upole, hata kama inataja jina la Bwana, tulia kidogo. Futa unga mikononi, nenda mpaka mlangoni, na kabla hujagusa komeo, uliza: Nani?