Moshi wa Nyumba ya Muireall

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Wengi wakiisikia methali hii hufikiria sufuria na mlafi aliyeungua ulimi, wakacheka. Lakini pupa ya moyo ni kali kuliko ya tumbo, maana tumbo likishiba hutulia. Moyo unaomtaka mtu aliye mbali haushibi wala haulali, na huo ndio uliomponza Muireall, mke wa Fearchar, katika bonde letu la milima ya Uskoti, zama zile wakuu wa koo walipokuwa wakipeleka wanaume vitani ng'ambo ya bahari.

Fearchar alipoitwa na mkuu wake, hakuwa amemaliza hata kuezeka banda la ng'ombe. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni, akajitanda joho lake, akamwambia mkewe, "Nitarudi kwa njia ya mlimani. Nikifika pale kwenye kipito, nitatafuta paa letu kwanza. Nikiona moshi, nitashuka mbio, hata kama nina mguu mmoja."

"Na usipouona?"

"Nitajua umenitangulia kwa Mungu. Mimi sitashuka kuja kutazama majivu, Muireall. Siwezi. Nitageuka nirudi nilikotoka."

"Basi utauona. Hata nikila majani, moto huu hauzimiki."

Bondeni kwetu moto wa nyumba hauzimwi, hulazwa. Jioni mama wa nyumba hukusanya makaa, akayafunika kwa majivu huku akilitaja jina la Mtakatifu Brigid, na alfajiri huyafunua akauamsha moto. Muireall aliulaza na kuuamsha, baridi ikaja ikapita, ikaja tena. Alilala upande wake wa kitanda akauacha wa mumewe mtupu. Shati la Fearchar alilinusa mpaka likaisha harufu, naye akaendelea kulinusa. Alimtamani mumewe hadi kifua kikamuuma, na hakuona haya kusema hivyo mbele za watu.

Kisha maradhi yakapita katika bonde la jirani, na nyumba nyingi kule zikabaki bila moshi. Kaka yake Muireall, Torcall, aliyeishi ng'ambo ya ziwa, akaja na mashua kumchukua.

"Dada, unamngoja nani?" akamwuliza. "Hata kuku akipotea hurudi jioni. Huyu wako amepita kiasi."

"Nitakwenda nikijua amekufa. Nikijua yu hai, sitoki. Ngoja nimwulize Gillebride."

Gillebride alikuwa mwaguzi wetu. Ilisemwa kwamba watu wa kilimani, wale wasioonekana, waliwahi kumchukua wakakaa naye, wakamrudisha kwa sababu alikuwa akiwamalizia chakula. Mwenyewe hakukanusha. Alisoma yajayo na yaliyofichika katika mfupa mpana wa bega la kondoo, na sharti lake lilijulikana na kila mtoto: mfupa uchemshwe mpaka nyama idondoke yenyewe. Usiguswe na jino wala kisu.

Ilikuwa Siku ya Mtakatifu Martin, tunapochinja wanyama wa akiba ya baridi. Muireall alikuwa na kondoo mmoja tu. Akamchinja, akateleka bega tangu asubuhi, na Gillebride akaja akaketi karibu na moto.

"Tayari, Babu?" Muireall akauliza baada ya muda.

"Bado."

"Na sasa?"

"Binti, mfupa haukimbii. Nyama ikianguka yenyewe, niite. Mimi naenda kupiga soga na kaka yako huko nje, nione kama mashua yake inavuja kama maneno yake."

Muireall akabaki na chungu. Maji yalitokota, nyama ikalegea, ila kipande kimoja kikang'ang'ania mfupa. Akakipuliza. Akakisukuma kwa kijiti. Fearchar yuko humo ndani, akawaza, amezuiwa na kipande cha nyama kisichofika ukubwa wa kidole. Mkono wake ukachukua kisu kabla yeye hajaamua. Mkwaruzo mmoja tu, nyama ikatoka, mfupa ukabaki mweupe.

Gillebride aliupokea, akauinua mwangani. Uso ukambadilika.

"Naona ufa mwembamba, mrefu. Kaburi huonekana hivi." Akamtazama. "Kisu hakikugusa?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia ya kurudi. Lakini kusema kweli kulikuwa ni kungoja kondoo mwingine, na mwaka mwingine, bila kujua. Tena ule mkwaruzo ulikuwa mdogo mno.

"Hakikugusa, Babu."

"Basi mumeo yuko chini ya udongo."

Muireall alilia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake alimwaga maji juu ya makaa kwa mkono wake mwenyewe, moto ukalia kama kitu chenye uhai, naye akapanda mashua ya kaka yake.

Theluji ilipoyeyuka alirudi kuchukua jiwe lake la kusagia. Akamkuta Gillebride ameketi kizingitini, kana kwamba alimngoja.

"Sasa niambie," mzee akasema taratibu. "Kisu kiliugusa?"

Muireall akainama. "Kiligusa, Babu. Kidogo."

"Chuma kikiugusa mfupa, mfupa husimulia habari za kisu. Nilikusomea kovu la kisu chako, mwanangu, nikaliita kaburi. Njoo. Weka mguu wako juu ya wangu, utaona nilichokiona mimi."

Akavua kiatu, akaweka mguu wake juu ya mguu wa mzee. Kipito cha mlima kikamjia karibu kama kizingiti. Theluji ilikuwa ikianguka, na hapo alisimama Fearchar, ndevu zina mvi, mguu mmoja unachechemea, kwapani ana kitambaa cha buluu alichomletea mkewe. Alikuwa akilitazama paa lao. Alitazama mpaka theluji ikamjaa mabegani. Kisha akavua kofia, akasali, akageuka.

"Fearchar, shuka," Muireall akasema. "Nipo. Nipo hapa."

"Hakusikii. Hayo yalipita majuma machache baada ya wewe kuondoka, nami nilioneshwa yakiwa yamekwisha."

"Alikwenda wapi?"

"Kulekule alikotoka. Macho yangu hayavuki bahari."

Muireall hakurudi tena kwa kaka yake. Aliomba makaa kwa jirani, akawasha moto, akautilia majani mabichi ili moshi uwe mzito uonekane mbali. Akazeeka nao. Wasafiri walioshuka mlimani walisema ule moshi ndio uliowaonyesha njia, wakamshukuru, naye akawapa uji wa shayiri na kuwauliza kama kuna mtu anayechechemea nyuma yao. Hakuwako. Kama angeliiacha nyama ile idondoke yenyewe, angelimla mumewe kwa macho msimu uleule wa baridi. Wahenga hawakukosea: mwenye pupa hadiriki kula tamu.