Nyama Aliyoibeba Popi

Wapo watakaosema hadithi hii haiaminiki, kwamba mbwa ni tumbo tu na hakuna mbwa wa namna hii. Mzee Kangero naye alisema hivyo hivyo.

Mzee Kangero alikuwa msimamizi wa maji katika kijiji kimoja juu ya milima ya Upare. Huko watu wana ndiva, bwawa la kukusanya maji ya mfereji, na kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia shamba. Kila mwaka kabla ya kupanda, kijiji kizima hutoka kufanya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzoa tope ndani ya ndiva na kusafisha mfereji. Asiyetoka bila sababu hunyimwa zamu yake ya maji. Mzee Kangero alijivunia kwamba hajawahi kumpendelea mtu, hata ndugu yake wa tumbo moja.

Mwaka ule, siku ya kwanza ya msaragambo, Mbonea hakuonekana.

Watu hawakushangaa. Mwaka uliotangulia pia hakuonekana, na baadaye ikajulikana alikuwa mjini Same kwenye pombe. Aliomba radhi mbele ya kijiji, akaapa kuacha, na kweli tangu hapo hakuna aliyemwona amelewa. Lakini neno la mlevi huchelewa kuaminiwa. Mzee Kangero alipoona nafasi yake iko wazi, alitangaza pale pale kwamba nyumba ya Mbonea haina maji msimu huu.

Mchana akaja Nanzia, mke wa Mbonea, amembeba mtoto wao Niwaeli mgongoni. Alieleza kwamba mumewe aliondoka nyumbani jana alasiri, yeye akiwa sokoni, na hakurudi. Mbwa wao, Popi, alitoka naye. Sasa Popi amekaa kwenye kona ya mfereji kule juu, penye korongo, na haondoki. Yeye mwenyewe ameita pale mpaka amechoka, akasikia maporomoko ya maji tu. Kushuka korongoni na mtoto asingeweza. Aliomba vijana wachache wakamtazamie.

"Mama Niwaeli," Mzee Kangero alimjibu, "mumeo yuko Same. Mwambie akirudi aje anione."

"Baba, angekuwa Same, Popi angekuwa nyumbani. Yule mbwa anamngoja."

"Mbwa hangoji mtu. Mbwa anangoja ugali."

Watu wakacheka kidogo, wakarudi kwenye majembe yao. Nanzia akaondoka. Kuna bibi mmoja aliyeacha kazi, akamfuata mpaka njiani na kumpa mtoto kipande cha muhogo wa kuchemsha. Ni yeye peke yake.

Siku ya pili Nanzia alirudi. Macho yalikuwa yamemvimba. Popi yuko pale pale, alisema, amenyeshewa usiku kucha. Amempelekea ugali hakuugusa.

Safari hii wachache walianza kunong'ona. Mzee Kangero aliona kazi inalegea. Siku hiyo kulichinjwa mbuzi kwa ajili ya wafanyakazi, na yeye akaona amepata dawa ya maneno hayo. Jioni, kazi ilipokwisha, alichukua kipande cha ubavu chenye nyama nzuri, akapanda hadi chini kidogo ya ile kona, watu wakimfuata kama wanaokwenda kwenye mchezo, Nanzia naye nyuma yao.

"Sasa tutaona anangoja nini," alisema, akapiga mluzi.

Popi alikuwa amekaa ukingoni. Mbavu zake zilihesabika. Akageuza kichwa, akaitazama ile nyama, akatazama tena korongoni. Kisha akasimama, akashuka polepole huku mkia ameufyata, akaichukua nyama kutoka mkononi mwa Mzee Kangero.

Kicheko kilichozuka hapo kilisikika mpaka ndivani. Kijana mmoja akasema, "Huyo ndiye shahidi wako, shemeji? Mahakamani angehongwa kwa ubavu mmoja." Wakacheka tena. Nanzia alikaza khanga ya mtoto mgongoni, akateremka peke yake, na watu wakampisha njia.

Waliondoka wote. Mzee Kangero alikuwa katikati yao alipokumbuka kwamba ameliacha koti lake kwenye kijiti karibu na mfereji. Akarudi kulichukua.

Ndipo alipoinua macho.

Popi alikuwa ameshapanda mpaka kwenye kona. Nyama ilikuwa bado mdomoni, nzima. Ute ulikuwa unamchuruzika kwa njaa. Aliiweka chini taratibu kwenye ukingo, akaisogeza mbele kwa pua, akakaa nyuma yake. Akawa anatazama chini korongoni.

Mzee Kangero alisimama na koti mkononi. Aliwasikia vijana wakiteremka, kicheko chao hakijafika mbali. Sauti moja tu ingewarudisha. Lakini angewaambia nini? Kwamba yule mama aliyechekwa sasa hivi alikuwa anasema kweli? Kwamba aliyestahili kuchekwa ni msimamizi wao?

Akajiambia labda mbwa ameshiba. Alijiambia hivyo huku akizitazama zile mbavu.

Akavaa koti, akateremka. Alipowafikia wenzake, mmoja alimtania kuhusu shahidi wa ubavu, naye akacheka pamoja nao. Nyumbani mkewe alimwekea makande yenye nyama. Alitia kijiko, akakirudisha. Mkewe akamuuliza kama anaumwa. Akasema amechoka.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, alikuwa amesimama mlangoni kwa Nanzia na vijana na kamba. Aliwaambia tu kwamba ni vema watazame, ili mama yule aridhike.

Kwenye kona waliikuta ile nyama pale pale ukingoni. Sisimizi walikuwa wameshaifikia, lakini Popi hakuwa ameila. Vijana walitazamana. Yule wa maneno ya shahidi aliinamisha kichwa.

Kisha wakaona kitu kingine. Juu ya ile kona kulikuwa na jiwe kubwa ambalo mvua ilikuwa imelilegeza. Chini ya jiwe kulikuwa na magogo mapya, yamekatwa kwa panga na kukazwa vizuri kulizuia lisianguke. Gogo la mwisho halikuwepo. Lilikuwa korongoni, na Mbonea alikuwa kando yake, amefichwa nusu na vichaka.

Siku hiyo, siku ya tatu ya msaragambo, Mzee Kangero mwenyewe alikuwa amewapangia akina mama na watoto kusafisha mfereji pale pale kwenye kona.

Mbonea alikuwa hai. Mguu wake ulikuwa umevunjika, na jeraha lilikuwa limechafuka. Walipomfikia, midomo ilikuwa imepasuka, na maneno yalitoka kwa shida.

"Mzee, uniwie radhi," alisema. "Nilidhani ningelimaliza lile jiwe nirudi mapema, nisikose msaragambo tena."

Mzee Kangero hakuweza kumtazama. Akashika kamba, akavuta pamoja na vijana.

Hospitalini mguu haukupona, ukakatwa. Jeraha lilikuwa limelala na uchafu muda mrefu mno, daktari alimwambia Mzee Kangero. Angewahishwa hata jana yake jioni, huenda ungeokolewa. Alilisema jambo hilo kwa upole, kama daktari anavyowaeleza ndugu. Hakujua anamwambia nani.

Mbonea aliporudi kijijini na magongo yake, Mzee Kangero alikwenda kumwona. Alikuwa ameshamrudishia zamu yake ya maji, na kila zamu ilipofika alikuwa akienda mwenyewe kulimwagilia shamba la Mbonea. Kijiji kilimsifu. Nanzia alimshukuru kila alipomwona, kwamba asingewaleta vijana asubuhi ile, leo angekuwa mjane. Kila shukrani ilimchoma.

Akamkuta Mbonea amekaa uani, Popi miguuni pake. Wakazungumza habari za mahindi. Kisha Mzee Kangero akamuuliza aliwezaje kuvumilia kule chini.

"Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha," Mbonea akasema. "Maji yaliimeza. Lakini nilikuwa nakiona kichwa cha Popi pale juu. Nikajiambia, maadamu Popi amekaa pale, watu watamwona, watajua nipo. Sikuogopa sana, mzee. Nilijua kijiji changu."

Mzee Kangero akainama, akamtazama Popi.

"Mimi nilimwona," akasema. "Jioni ile. Nilimwona ameibeba nyama asiile. Nikajua. Nikaenda zangu kulala, kwa sababu niliona haya kuwaita vijana."

Nanzia alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alikuwa amesikia yote.

Mbonea aliupapasa upande wa suruali uliokunjwa. Hakumtukana. Aligeuka, akamwambia mkewe taratibu, "Mama Niwaeli, mmiminie mzee chai."

Nanzia akamimina. Chai ikafurika, ikamwagika kwenye kisahani. Akaweka kikombe mbele ya mgeni, akasema, "Karibu, baba," akaingia ndani asimtazame.

Popi akainuka, akamnusa Mzee Kangero ile mikono iliyowahi kumpa nyama, akalaza kidevu juu ya kiatu chake.

Chai ile ilipoa. Mzee Kangero alishindwa kuinywa.

Funzo: Usimhukumu mwenzako kwa kosa lake la jana, na ukweli ukiuona useme saa hiyo hiyo hata kama utachekwa, kwa sababu wakati wewe unailinda heshima yako, kuna mtu yuko shimoni anayeamini kwamba unakuja.