Ukili Usiokatwa

Mwanamke mmoja alikuwa na ukili ambao hakuruhusiwa kuukata. Jina lake Mize. Katika kijiji chao msichana alipewa na mama yake chane za kwanza za ukindu, vipande vyembamba vya majani ya mkindu, akaanza kusuka utepe mwembamba, huo ndio ukili, na kuanzia siku hiyo aliusuka huohuo mmoja maisha yake yote. Chane ikiisha, aliingiza nyingine pembeni yake akaendelea. Uzeeni ndipo ukili wote ulipozungushwa na kushonwa, ukawa mkeka wake mwenyewe, si wa mume wala wa wanawe. Aliyeukata njiani alizeekea kwenye mkeka wa kuazima, na wanawake wa huko waliliogopa jambo hilo kuliko njaa.

Mize alianza na chane nyeupe tu, kama zilivyotoka kwenye mkindu. Alipofundishwa ukunga na shangazi yake, akampokea mtoto wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe, aliongeza nyekundu. Alipoolewa na Shaame aliongeza nyeusi. Shaame alifurahi mno, maana kijiji kizima kilijua kuwa nyeusi ni yake.

Alisuka wapi? Niwaambieni, alisuka popote. Alisuka akingoja uchungu wa mwanamke mwenzake ukaze. Alisuka chungu kikitokota, mtoto mmoja amempakata na mwingine anamng'ang'ania mgongoni. Siku nyingine alisuka pima nzima, siku nyingine upana wa kidole, usingizi ukamchukua. Mimi nikishika kazi mbili kwa pamoja, zote mbili zinaungua, kwa hiyo msiniulize alipata wapi nguvu. Sijui, na kutojua kwangu kunanitia hofu njema.

Shaame hakuwa mtu mbaya. Lakini alichoka kugongewa mlango kila mara, na alichoka kuitwa mume wa mkunga. Dada zake nao hawakuziba midomo. Walisema ukili wa wifi yao umekuwa mwekundu mno, na nyeusi imekaa humo kama mgeni. Maneno yakamwingia Shaame. Akamtaka mkewe azitoe nyekundu zote, na asiingize nyingine tena.

Mize alimpenda mumewe, na ukili hakutaka kuukata. Akajiambia kuwa kuchomoa si kukata. Akaketi kibarazani, akaanza kuzichomoa chane nyekundu mojamoja, mumewe ameketi mbele yake anamtazama. Msukaji yeyote angemwambia kitakachotokea, na yeye mwenyewe alikijua, lakini mtu aliyechoka husahau hata anachokijua. Ukili ukalegea. Nyeusi zilizokuwa zimebanwa na nyekundu zikakosa cha kuzishika, zikateleza, zikamwangukia mapajani. Shaame akainama, akaziangalia.

"Mize," akasema, "mbona na yangu inafumuka?"

Mize alikuwa analia, kwa sababu kitu alichokishika tangu utotoni kilikuwa kinaisha mikononi mwake. Ndipo mtu yule akafanya jambo ambalo mwanamume wa kijiji kile hakuwahi kulifanya. Alileta maji bakulini, akazilowesha chane zilizokauka, kisha akaushika ule mwisho uliofumuka kwa vidole vyake vinene, akaukaza mpaka mkewe alipozirudisha nyekundu mahali pake. Palibaki kombo pale, na lipo mpaka leo.

Miaka ikapita. Watoto wakaoa na kuolewa. Shaame akafariki, na Mize akaendelea kusuka nyeusi, chache, kwa sababu kwake kuzika mume hakukuwa kuacha kuwa mke. Macho yalipopungua nuru aliwaachia wengine ukunga, nyekundu nazo zikapungua. Zikabaki nyeupe nyingi. Watu wakamhurumia, wakidhani ameishiwa rangi. Yeye aliwaambia amekutana na mtu ambaye hakuwa amemwona tangu usichana wake, na kwamba wana mengi ya kuzungumza.

Siku ya kushona ikafika. Wanawake wakaushusha ukili kutoka darini, bunda baada ya bunda, wakaanza kushona chumbani. Chumba kikajaa. Wakahamia uani, ua nao ukajaa. Wakamalizia uwanjani. Mkeka ulipotandazwa wote, hata waliokuwa bado mbali walivua viatu bila kuambiwa. Rangi zilizogombana miaka yote zilikuwa zimekaa duara ndani ya duara, na hakuna mtu aliyezipanga. Mahali ambapo nyeupe ilionekana kukatika, mmoja aligeuza upande wa chini, akaikuta ipo, imepita chini kwa chini na kuzishika nyingine zote. Hata lile kombo hakuna aliyelicheka.

Mize alisimama ukingoni amepigwa na butwaa. Maisha yake yote alikuwa ameona kile kipande tu kilichokuwa katikati ya vidole vyake. Sasa aliogopa hata kuukanyaga.

Basi wewe unayemtaka mwanamke achomoe rangi moja ili yako ionekane, umewahi kujiuliza ukubwa wa anachokisuka?