Mkono kwenye Kioo cha Nyuma

Wapendwa, kabla sijafika kwenye neno lenyewe, naomba niwape habari ya baba mmoja. Ni mfano tu, kwa hiyo msimtafute mtaani kwenu. Lakini ukihisi amekaa kwenye benchi ulilokalia wewe, hilo ni lako na Mungu wako.

Tumwite Elikana. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, mtu ambaye futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda kunywa chai. Mkewe walimwita Mama Ombeni, kwa jina la binti yao wa kwanza, aliyekuwa na miaka tisa. Baada ya Ombeni walikuja Haruni na Kezia, na wa mwisho kabisa alikuwa Yoeli, ndiyo kwanza ametimiza miaka mitatu.

Familia hii ilikuwa na kigari kimoja kidogo, cha zamani. Safari yao yoyote ilianza kwa ugomvi. Mama mbele na Yoeli mapajani, nyuma wale watatu wamebanana na majora ya vitambaa, huyu analia amekanyagwa, yule anadai dirisha. Siku moja mbuzi akakatiza barabara, Elikana akakanyaga breki, na Yoeli akaenda mbele akagonga paji la uso kwenye dashibodi. Ilikuwa nundu tu, jioni ilikuwa imeshanywea. Lakini nundu ile ilimwuma baba kuliko ilivyomwuma mtoto.

Akasema, "Mama Ombeni, hili gari si letu tena. Tumelizidi."

Basi akalisaka gari jingine kwa muda mrefu, hana haraka. Na siku ya kwenda yadi hakwenda peke yake, aliwachukua watoto wote wanne. Dalali alipomwona fundi ameingia na kikosi chake, akamvuta moja kwa moja hadi kwenye gari moja jekundu, la chini, linang'aa kama limepakwa mafuta.

"Mzee, hili ukipita nalo, mtaa mzima utageuka."

Elikana akamjibu, "Mtaa hautapanda gari langu, ndugu yangu. Watakaopanda ni hawa."

Mnamwona baba huyo? Akavua futi shingoni akaanza kupima. Alipima upana wa viti. Akawakalisha watoto, akapima kutoka goti la Ombeni hadi kiti cha mbele. Akauliza viti vya watoto vitafungwa wapi, akavuta mikanda yote mmoja mmoja, akafungua mlango wa kusukuma na kuufunga mara kumi ili aone kama unaweza kumbana mtoto vidole. Dalali alichoka, akakaa kwenye ndoo. Mwishowe fundi akachagua gari la kijivu, refu, la safu tatu za viti, lisilo na urembo wowote. Vioo vyake vya nyuma vilikuwa na giza, na alivipenda hivyo, kwa sababu jua la mji ule si la mchezo na hakutaka liwachome watoto.

Niambieni ukweli, kina mama mlio hapa. Huyo si baba mwema? Ni wangapi kati yetu tungeacha lile jekundu?

Ni baba mwema. Naomba mlishike hilo, kwa sababu ninayokwenda kuwaambia hayakumpata baba mlevi.

Jumapili iliyofuata wakapanga kwenda kumshukuru Mungu kanisani. Mama Ombeni aliwashonea watoto nguo za kitambaa kimoja. Wakaandaa kapu la shukrani, mchele, mayai, jogoo mmoja amefungwa miguu. Na kwa mara ya kwanza wakapanda gari bila mtu kumlilia mwenzake. Kila mtoto alikuwa na dirisha lake. Yoeli ndiye aliyefurahi kupita wote. Alikataa kukaa kwenye kiti chake cha katikati, akapita kati ya viti hadi safu ya mwisho kabisa, ambako mama alikuwa ameweka mfuko wa majoho ya akiba ya kwaya. Wakamwacha. Ni mwendo wa dakika kumi na tano tu, tena leo ni siku ya furaha. Akalalia ule mfuko, na kabla hawajafika mjini alikuwa amesinzia.

Wakafika wamechelewa. Kwaya ilikuwa imeshapanga mstari mlangoni. Mama Ombeni akaruka chini, akachukua joho lake alilokuwa ameliweka mbele miguuni, akakimbia. Haruni na Kezia wakasukuma mlango wa upande wao wakawakimbilia wenzao wa shule ya Jumapili. Ombeni akawafuata. Elikana akabeba kapu na jogoo, akafunga milango, akabonyeza kitufe cha ufunguo, gari likaitikia, akaingia ibadani.

Mama alijua Yoeli yuko na baba. Baba alijua Yoeli yuko na dada yake. Ombeni alijua mdogo wake amebebwa na mama. Wote watatu walijua, wapendwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na wasiwasi.

Lile gari dogo la zamani lilikuwa na taabu zake, lakini mama asingeweza kushuka bila kumbeba mtoto, maana mtoto alikuwa mapajani. Hili kubwa liliwapa kila mmoja mlango wake.

Saa tano ikafika. Mchungaji akawaita wenye shukrani. Elikana akapita mbele na kapu lake, akapewa kipaza sauti, na kwa kuwa alikuwa msemaji mzuri, watu wakatega masikio. Akawasimulia habari ya nundu. Akawasimulia ya dalali na gari jekundu, kanisa likacheka. Akasema, "Nilimwomba Mungu gari ambalo kila mwanangu atakuwa na nafasi yake. Na leo hii nasema mbele yenu, amenipa!"

Watu wakapiga makofi. Na kabla makofi hayajaisha, kule nje kikalia king'ora cha gari.

Elikana akageuka dirishani. Lilikuwa lake, limeegeshwa juani hatua chache kutoka ukutani. Akacheka kwa aibu, akatoa ufunguo mfukoni, akaunyoosha dirishani, akabonyeza. Kukawa kimya. Akasema kwenye kipaza sauti, "Wapendwa, hata lenyewe linashukuru."

Kanisa zima likaangua kicheko. Wengine wakasema amina.

Akaendelea. Akafika kwenye mistari aliyokuwa ameiandaa, ya kuwashukuru majirani. King'ora kikalia tena. Akabonyeza tena. Mzee wa kanisa aliyeketi karibu akamnong'oneza, "Ni wale mbuzi wa jirani, fundi. Hujikuna kwenye magari." Elikana akaitikia kwa kichwa. Ilimwingia akilini, mbuzi.

Kikalia mara ya tatu. Safari hii hakugeuka hata kutazama. Mkono ulikwenda wenyewe dirishani, kidole kikabonyeza, huku mdomo unaendelea kusema jinsi Mungu anavyowapenda watoto.

Baada ya hapo hakikulia tena. Elikana akamaliza ushuhuda wake kwa utulivu. Kwaya ikasimama, Mama Ombeni mstari wa mbele, wakaanza wimbo.

Wakiwa katikati ya wimbo, mlango mkubwa ukafunguliwa. Akaingia mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua nje ya geti. Hakuwa mshirika wa kanisa lile. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, mikono ina unga, na alipita katikati ya watu moja kwa moja hadi mbele. Mashemasi wawili wakainuka kumzuia.

"Gari la kijivu ni la nani?" akauliza kwa sauti.

Shemasi mmoja akamwambia taratibu, "Mama, lile gari limeshazimwa. Halitalia tena."

"Sisemi habari ya kulia," mama yule akasema. "Nasema kuna mkono wa mtoto kwenye kioo cha nyuma. Na sasa hivi umeteremka."

Jamani. Nyinyi mmenyamaza hivi na ni mfano tu. Fikirini walivyonyamaza wao.

Elikana alisikia maneno, hakuyaelewa. Aliangalia upande wa shule ya Jumapili, akamwona Haruni, akamwona Kezia, akamwona Ombeni amesimama mikono mitupu. Aliangalia upande wa kwaya. Mkewe alikuwa anamwangalia yeye, ameacha kuimba. Na katika kutazamana kule wakaelewa wote wawili kwa mara moja.

Alikimbia. Hakumbuki aliwakanyaga kina nani. Alipofika kwenye gari ufunguo ulimponyoka, akauokota, akabonyeza kitufe kisicho chenyewe, akabonyeza tena, huku mkewe anapiga kioo kwa viganja anaita, "Yoeli! Yoeli!" Mlango ulipofunguka, joto lilitoka kama mtu aliyefunua tanuri. Mtoto alikuwa sakafuni, kati ya safu ya mwisho na mlango. Nguo mpya imelowa chapachapa. Macho yako nusu. Ngozi inaunguza kama pasi. Hakuwa analia. Machozi yalikuwa yamekwisha.

Kulikuwa na nesi kanisani. Akawasukuma wote, akampeleka mtoto kivulini, akamvua nguo, akamfunika kwa majoho ya kwaya yaliyochovywa maji, akimpepea na kufoka, "Tafuteni gari! Twendeni hospitali!" Na gari lililokuwa karibu ni lile lile. Mchungaji ndiye aliyeendesha. Elikana alikaa chini kwenye sakafu ya gari, ameishika miguu ya mwanawe, kwenye gari alilolipima kila inchi.

Yoeli alipona. Nawaambia mapema ili mpumue. Walimwekea dripu siku mbili, na siku ya tatu aliomba chapati.

Siku hiyo hiyo ya tatu, baba yake amekaa kando ya kitanda, mtoto alimtazama akasema, "Baba, nilikuita."

"Najua, mwanangu."

"Nilikuita sana. Na gari likanisaidia kukuita."

Nyinyi mngejibu nini? Madereva mlio hapa mnajua king'ora cha gari lililofungwa kinalia kwa sababu gani: kuna kitu kinatikisika ndani. Mara tatu mtoto aliamka, akapiga viti, akapiga vioo, na mara tatu gari likapiga kelele kwa niaba yake. Na mara tatu baba yake, baba mwema, huku anamsifu Mungu kwa ajili ya mtoto huyo huyo, alinyoosha mkono akainyamazisha sauti yake. Na mara ya kwanza kanisa lilicheka.

Mkewe alimkuta amesimama nje ya wodi ameegemea ukuta. Akamwambia, "Usijibebeshe peke yako, Baba Ombeni. Mimi nilikuwa naimba."

Jumapili iliyofuata Elikana alimwomba mchungaji dakika mbili. Akasimama pale pale mbele, bila kapu. Akasema, "Wiki iliyopita niliwaambia gari langu linashukuru, mkacheka. Mimi ndiye niliyewachekesha. Gari lilikuwa linaniambia mwanangu anakufa." Akarudi kuketi. Hakuna aliyepiga makofi.

Sasa wapendwa, tusimwache Elikana kanisani kwake halafu sisi tukajiona salama. Sisi ni wazuri wa kutafuta nafasi. Tunajenga nyumba ili kila mtoto awe na chumba, tunahangaika na ada ili kila mtoto awe na dawati. Ni vizuri, na Mungu atubariki kwa hayo. Lakini nafasi tuliyompa mtoto, nani amekwenda kuangalia yuko humo katika hali gani?

Na ving'ora vinalia, ndugu zangu. Yule binti aliyekuwa mcheshi, siku hizi anakula kimya, tunasema amekua, tunabonyeza. Kijana ameanza kukojoa kitandani na ana miaka kumi, tunamchapa, tunabonyeza. Mtoto anakataa katakata kwenda kwa mjomba fulani, analia, anashika mlango, tunasema ana deko, anawatia aibu wazazi. Tunabonyeza, na kelele zinakwisha. Halafu tunafurahi kwamba nyumba imetulia! Mimi kimya cha namna hiyo kinanitisha kuliko kelele. Lile gari nalo lilinyamaza mara ya tatu, na halikunyamaza kwa sababu hatari imekwisha.

Tena aliyemwokoa yule mtoto hakuwa mmoja wetu tuliokuwa tunaimba. Alikuwa muuza vitumbua ambaye alitazama.

Nilikuwa nimeandaa mambo matatu ya kuwafundisha asubuhi hii, nimeyaandika hapa. Yatakaa. Nina swali moja kwa kila mzazi aliyemo humu: mwanao yuko wapi sasa hivi? Siulizi unadhani yuko wapi. Siulizi ulimwacha na nani. Nauliza kama macho yako yamemwona tangu ibada ilipoanza.

Naona wengine mnageuka. Inukeni, msione aibu. Nendeni mkawatazame. Mimi nitawasubiri hapa.