Aliyewapokea Korongo

Mpo?
Tupo, lete.
Ndefu au fupi?
Ndefu ikatwe, fupi iongezwe.

Basi palikuwa na uwanja wa ndege, nao ulikuwa wa ndege kweli. Korongo walitua pale kila mwaka kutoka ng'ambo, mabawa yamekufa ganzi, mizigo shingoni. Kwenda ziwani walipanda treni, na treni zilikuwa mbili. Ya Kifaru iliruka vituo vyote: gudugudu, gudugudu, pwaa. Ya Pimbi, yule mdogo wa majabalini, ilisimama vituo saba: kwichi, kwichi, kwichi. Tiketi ilikuwa moja kwa treni zote mbili. Nauli, punje za mtama, iliingia ghalani kwa Kobe, na jioni waligawana nusu kwa nusu.

Kifaru akachoka kugawana.

"Mimi nabeba mia, huyu anabeba kumi. Kuanzia kesho kila mtu ale nauli ya abiria aliowapokea."

"Aliowapokea?" akauliza Pimbi.

"Aliowapokea. Au huko majabalini hamsemi Kiswahili?"

"Tunasema, mzee."

Kobe akaandika neno kwa neno, akagonga mhuri.

Kesho yake Kifaru alisimama kwenye mlango wa uwanja, akauziba wote. Korongo akitua, anasukumwa behewani. Gudugudu, gudugudu, pwaa. Pimbi aliondoka na mabehewa matupu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyumbani watoto wake wanne hawakuwa na mama, na sasa sufuria nayo haikuwa na kitu. Aliwachemshia majani, akawaambia ni mboga ya sikukuu. Walikula. Hawakuuliza sikukuu gani.

Siku ya nne alifika ziwani, kwichi, kwichi, akamkuta korongo mzee amesimama peke yake na furushi. Kifaru alikuwa amemshusha na kugeuza mbio kufuata wengine.

"Pole na safari, bibi. Lete nikupokee," akasema Pimbi, akalibeba furushi.

Kwenye lango la kutokea, Kobe alifungua daftari. "Nani amekupokea, bibi?"

"Huyu mwenye furushi langu."

"Si Kifaru?"

"Yule alinisukuma. Kwenu kusukumwa ndiko kupokewa?"

Kobe akaandika: Pimbi, mmoja.

Kesho yake Pimbi hakuwasha treni. Alikaa ziwani na mkokoteni. Gudugudu, gudugudu, pwaa, Kifaru akamwaga mia.

"Poleni na safari. Leteni niwapokee."

Jioni Kifaru akasikia amepata kidogo, akadhani habebi vya kutosha. Akaongeza mabehewa. Akakimbia zaidi, Pimbi akapata zaidi. Akakimbia zaidi tena, Pimbi akapata zaidi tena.

Mwisho wa juma Kifaru aliingia ghalani akihema.

"Punje zangu ziko wapi?"

Kobe akamsomea: "Kila mtu na aliowapokea."

"Nilikuwa na maana ya kuwachukua pale uwanjani."

"Basi ungesema kuwachukua."

Kifaru akamgeukia Pimbi, sauti imeshuka. "Ndugu yangu, turudi nusu kwa nusu."

"Tutarudi, mzee," akasema Pimbi. "Korongo wakishaondoka."

Hadithi hii inatufundisha kwamba anayekimbia sana siye anayepata sana, na kwamba kumbebea mgeni mzigo si kupoteza muda.

Mimi nashukia hapa. Aliyeipenda aende nayo kwao, asiyeipenda aiache ilipo, mwingine ataiokota.