Bi Pimbi na Gari Lisilonguruma

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana umeme ulikuwa umeshafika na wanyama walikuwa wameshaanza kulalamika kwamba unakatika, alikuwepo Bi Pimbi, mkunga wa Majabalini. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo wa mawe, hana mkia, hana pembe, ila mdomo anao. Msicheke, hata mimi ninao.

Majabalini soko liko bondeni na hospitali iko juu mlimani. Nani aliijenga huko, msiniulize. Mwenye gari alikuwa mmoja tu, Bwana Kiboko, na petroli aliuza yeye huyo huyo. Fundi wake alikuwa Fisi. Gari lao likiwashwa, ngurungururu, mpaka vyungu vinatikisika mekoni. Likifika Kona ya Tatu linakufa. Kila mara Kona ya Tatu! Fisi anaingia uvunguni, anatoka na grisi puani, anadai mafuta zaidi.

Masika yaliyopita Swala alijifungulia hapo konani, mvua inamnyeshea, Bi Pimbi kamshikia mwavuli huku analia kwa hasira. Mtoto alipona kwa bahati tu. Siku hiyo Bi Pimbi aliapa kwamba hazalishi tena mtu barabarani.

Akauza mizinga yake yote ya asali, akaagiza gari la umeme lililoundwa China. Hakukurupuka, jamani. Aliuliza betri ina dhamana ya miaka mingapi, vipuri vinapatikana wapi, na nani anajua kulitengeneza. Lilipofika alilijaza magunia ya mawe, akapanda nalo mlima na kushuka, siku saba mfululizo, asubuhi na mapema. Kobe alimwona, akasimulia sokoni. Fisi akasema Kobe amezeeka na macho yake ni ya mapambo, gari lile lazima lilisukumwa.

Kisha Fisi akalizunguka gari lenyewe, akabandika sikio kwenye boneti, akatikisa kichwa kama daktari. Alitangaza kwamba gari lisilonguruma ni maiti. Akakumbusha watu tochi yake ya Mchina iliyokufa kwa wiki moja. Tochi hiyo, wanangu, aliinunua kwa bei ya karanga, akailaza mvuani, lakini hilo hakulisema. Kiboko naye akaongeza kwamba likikanyaga dimbwi litawakaanga abiria wote. Basi kina mama wakaogopa, hata mmoja hakupanda.

Hicho ndicho kilichomuuma Bi Pimbi. Kuchekwa alishazoea. Lakini mama akiogopa kupanda, atazalia wapi?

Siku ya gulio, saa nne, Mama Pongo akashikwa na uchungu katikati ya mafungu ya nyanya. Bi Pimbi akampapasa tumbo, akajua mara moja kwamba mtoto ametanguliza miguu. Huyu ni wa hospitali, na upesi. Gari la Kiboko lilikuwa juu ya matofali, Fisi kalivua magurudumu tangu juzi.

"Twende kwenye langu," akasema Bi Pimbi.

Mama Pongo akakataa kwa machozi. "Mkunga wangu, nakuamini wewe. Gari la Mchina silipandi."

Mwenye uchungu habishiwi. Bi Pimbi akaingia garini peke yake, akabonyeza hiki na kile, tka-tka-tka, akatoka kichwa chini.

"Fundi Fisi, ulisema kweli," akatamka, soko zima likasikia. "Limekufa. Labda kusukumwa tu, lakini nani wa kulisukuma mpaka hospitali? Wenye nguvu hizo walikufa na babu zetu."

Kiboko akavimba. "Nani kasema?"

"Mimi. Mngekuwa nazo, msingekuwa mnalala Kona ya Tatu."

Watu wakaguna. Kiboko akavua koti, Fisi akakunja mikono ya ovaroli. Mama Pongo alipoona mikono ya Kiboko ilivyo minene akapata imani, akakubali kulazwa kiti cha nyuma. Bi Pimbi akakaa kwenye usukani. Alisema atawashikia njia tu.

Moja, mbili, tatu! Gari likaondoka kimya. Mguu mdogo wa Bi Pimbi ulikuwa umeshakanyaga pedali, taratibu, taratibu.

"Mbona jepesi hivi?" Kiboko akashangaa.

"Vitu vya Mchina hivyo," Fisi akajibu. "Bati la kopo."

Kona ya Kwanza. Kona ya Pili. Kona ya Tatu waliipita mbio, viganja juu ya buti, Fisi anaimba, na wala hakujiuliza kwa nini anakimbia.

Wauguzi walimpokea Mama Pongo. Watu wa sokoni, waliokuwa wamelifuata gari, wakasubiri getini. Mara, nyaaa! Mtoto, na mama yake, wazima wote wawili. Mtoto alikuwa na kelele kuliko gari la Kiboko.

Fisi akapanda juu ya jiwe. "Mmeona? Gari bovu limefikishwa na wanaume!"

Bi Pimbi akashuka, akaliwekea gurudumu la nyuma jiwe. "Ahsanteni sana. Nisogezeeni basi mpaka pale kivulini, hatua kumi tu. Safari hii nitasimama huku nje."

Palikuwa na mwinuko mdogo tu. Wakaegemea. Hmmmp! Kiboko mishipa ikamtoka shingoni. Gari likapanda shubiri moja, likarudi kwenye jiwe lake. Fisi akateleza, puu, akakaa kwenye tope.

Bi Pimbi akaingia, akakanyaga pedali. Gari likaenda lenyewe mpaka kivulini, bila hata kukohoa.

Aliyeanza kucheka ni Swala, yule wa konani. Akacheka mpaka akatoa machozi, na mlima wote ukamfuata.

Fisi akanung'unika kwamba siku moja litaharibika tu.

"Litaharibika," akasema Bi Pimbi. "Kila chenye gurudumu huharibika. Lakini leo halikufa, Fundi, na wewe umelikimbilia mlima mzima huku unalitukana. Haya, kesho nani anapanda?"

Swala alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kobe hakunyoosha kwa sababu alikuwa bado yuko Kona ya Kwanza.

Chombo hakipimwi kwa ngurumo wala kwa kilikotoka, hupimwa mlimani.

Nami nimewafikisha kileleni. Kushuka, shukeni wenyewe.