Mbuzi wa Mikato Miwili

Nigawieni masikio!
— Chukua, yote yako!
Hata ya wanaosinzia?
— Hata yao!

Hapo kale, katika kijiji chenye mbuzi na kondoo wengi kuliko watu, palikuwa na lango moja tu. Mlinzi wake aliitwa Bibi Mbeleje, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Hakuna mbuzi wala kondoo aliyetoka bila kuulizwa mambo matatu. Ni wa nani? Ana alama gani? Anakwenda wapi? Alama ilikatwa sikioni, kila nyumba na yake. Ukikosa jibu moja, unarudi na mnyama wako.

Sechelela alikuwa mjane mwenye mbuzi mmoja, mkato mmoja sikioni. Maziwa ya mbuzi huyo ndiyo yaliyomlea mjukuu wake, aliyefiwa na mama akiwa na siku tisa. Jirani yake, Chidawali, alikuwa na mbuzi arobaini, mikato miwili kila mmoja, na bado macho yake hayakutulia. Mnawajua watu wa namna hiyo. Wengine mmekaa nao hapa, msigeuke kuwatazama.

Siku moja Sechelela alipokwenda kisimani, Chidawali akamkamata yule mbuzi, akachukua kisu, akaongeza mkato wa pili. Kesho yake akamchanganya na wake, akawaswaga wote kwenda mnadani.

Langoni akaulizwa. Ni wa nani? Wangu. Alama? Mikato miwili. Wapi? Mnadani. Mara Sechelela akaja mbio analia, akisema mbuzi wake yumo humo na mtoto hajanywa kitu tangu jana. Chidawali akamwambia amwonyeshe mbuzi mwenye mkato mmoja. Hakuwapo.

Bibi Mbeleje akapita akikagua masikio. Kwa mbuzi mmoja akaona mkato mmoja umepona, mwingine bado una damu. Akarudi nyuma hatua tatu, akaziba pua.

"Pole, Bwana Chidawali. Mbuzi mwenye kidonda kibichi sikioni hushukiwa maradhi. Kundi lote la mwenyewe halitoki mpaka mvua ziishe."

"Kundi lote?"

"Lote."

Chidawali akaona mnada unampita hivi hivi. "Bibi, huyu si wangu. Ni wa Sechelela."

"Una hakika gani kwamba kidonda chake si cha maradhi?"

"Nimemkata mwenyewe jana, kwa kisu changu. Hana maradhi yoyote."

Watu wakacheka mpaka mbuzi wakashtuka.

"Vema," akasema Bibi Mbeleje. "Basi kuanzia leo mikato miwili ni alama ya Sechelela. Wako wakate mkato wa tatu. Jua likizama, atakayebaki na miwili ni wa Sechelela."

Chidawali akakata, akapigwa teke. Akakata, akapigwa pembe. Akakata, akabururwa matopeni. Jua lilipozama, watatu walikuwa bado wanamkimbia, na wote watatu walikuwa na maziwa. Mjukuu wa Sechelela alinenepa, bibi yake akashindwa kumbeba.

Hadithi yangu imeingia zizini, komeo nimetia. Mwenye yake na aifungulie.